Pampu ya insulini ni njema, vijiti vitangulie

Katika nchi tajiri, watoto wengi wenye kisukari aina ya kwanza huvaa pampu, kifaa kidogo cha betri kinachopenyeza insulini chini ya ngozi usiku na mchana. Sindano nne au tano za kila siku wameachana nazo. Wazazi wetu wanauliza: na huku lini?

Swali ni la haki. Lakini pampu ikiziba au betri ikiisha, mtoto hana akiba yoyote ya insulini mwilini. Saa chache tu zinatosha damu yake ianze kujaa asidi. Pampu inamfaa mtoto anayeweza kupimwa sukari kila siku, tena mara kadhaa. Kwa hiyo tuanze na kupima.

Mtoto wa Chemba au Mpwapwa, hapa mkoani Dodoma, anaanza kunywa maji bila kukata kiu. Anakojoa kitandani, na alishaacha zamani. Anakonda, ilhali ugali wa uwele na mlenda anakula vizuri. Siku anapofikishwa zahanati anatapika na kuhema kwa nguvu, na malaria ndiyo inayoshukiwa kwanza. Akitundikiwa dripu ya glukosi, ndiyo anazidishiwa sukari. Tone moja la damu ya kidoleni lingeonyesha ukweli kabla mama hajamaliza kujieleza. Hatukubali mtoto afe kwa kukosa kijiti cha kupimia.

Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009, umewapatia watoto wa Tanzania insulini na vifaa vya kupimia bila malipo kupitia kliniki maalumu. Tunaushukuru kwa dhati. Hata hivyo, uhai wa watoto wetu hauwezi kutegemea ufadhili daima, na kliniki haimsaidii mtoto ambaye bado hajagunduliwa.

Halmashauri zote za mkoa wa Dodoma zihakikishe kila zahanati ina glukometa na vijiti visivyokatika, na kila mtoto anayeletwa mahututi apimwe sukari. Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, iwalipie watoto hawa insulini na vijiti kwa ukamilifu. Hayo yakisimama, tutadai pampu.

Nawe mzazi, ukiona mwanao ana kiu isiyoisha, anakojoa sana na anakonda, usingoje kesho. Mpeleke zahanati, na usiondoke hapo kabla hajapimwa sukari.