Damu Lazima Ifike Ubongoni

Hoja inayosikika kuliko zote, wodini na kwa ndugu wa majeruhi, ni hii: aliyeumia vibaya kichwani akikutwa na presha ya juu, ishushwe upesi, damu isije ikazidi kuvuja. Inaingia akilini, na ndiyo maana ni ya hatari.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji ya ubongo. Kimoja kikiongezeka vingine visipopungua, shinikizo hupanda. Monro wa Uskoti alianza kulieleza hilo mwaka 1783, na Kellie akaliendeleza mwaka 1824. Sasa chukua wastani wa presha ya mwili, utoe shinikizo la ndani ya fuvu: kinachobaki ndiyo nguvu inayoingiza damu ubongoni. Wastani ukiwa 90 na shinikizo la fuvu 25, inabaki 65, na mwongozo wa Brain Trauma Foundation wa 2016 unataka 60 hadi 70. Shusha wastani kwa dawa hadi 70, inabaki 45. Hapo ubongo, ambao ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yake, unaanza kufa njaa.

Tena mara nyingi presha ile ni mwili unaopigania kuufikishia ubongo damu. Ikipanda huku mapigo ya moyo yakipungua na pumzi ikivurugika, ujue ubongo unabanwa, kama Cushing alivyoonyesha mwanzoni mwa karne ya 20. Anayehitajika ni daktari wa upasuaji, si dawa ya presha. Utafiti wa Marekani wa 1993 ulikuta kwamba namba ya juu ya presha kushuka chini ya 90, hata mara moja tu, kuliambatana na vifo takriban maradufu.

Je, basi ipandishwe bila kikomo? Hapana. Kuilazimisha ile nguvu inayoingiza damu ubongoni ivuke 70 kwa maji mengi na dawa huyahatarisha mapafu.

Wengine husema asipewe dripu, ubongo utavimba. Lakini huyu mara nyingi amevunjika mguu pia, au anavuja damu tumboni. Kumnyima maji ni kuishusha presha ileile. La kuangalia ni aina ya maji. Dripu ya glukosi, sukari yake ikishatumika, huacha maji matupu yanayouvimbisha ubongo. Maji ya chumvi ndiyo yanayofaa. Hata albumini, yenye bei kubwa zaidi, iliambatana na vifo vingi kuliko maji hayo katika utafiti wa SAFE uliochapishwa 2007.

Kumpumulisha harakaharaka kwa mfuko? Shinikizo hushuka kweli, na kwa muda mfupi mbinu hiyo inaweza kumvusha anayekimbizwa kwenye upasuaji. Ila hushuka kwa sababu kaboni dioksidi ikipungua mishipa ya ubongo hujibana, na damu hupungua nayo. Kuendelea hivyo kwa saa nyingi ni kumdhuru.

Kuhusu steroidi, mjadala umekwisha. Utafiti wa CRASH wa 2004, uliohusisha watu 10,008, ulikuta asilimia 21.1 ya waliopewa walikufa ndani ya wiki mbili, dhidi ya 17.9 ya wasiopewa.

Linaloniumiza zaidi ni lile la kukata tamaa: eti bila kifaa cha kupima shinikizo ndani ya fuvu hakuna cha kufanya. Huko Bolivia na Ecuador, katika utafiti wa wagonjwa 324 uliochapishwa 2012, waliotibiwa kwa kuchunguzwa mwili na kupigwa picha za CT hawakuwa na hali mbaya kuliko waliowekewa kifaa. Penye kifaa kitumike, na CT nayo haiko kila mahali. Lakini kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30, kunyoosha shingo isibanwe na kola, kuilinda oksijeni, kupima presha mara kwa mara na kumulika mboni za macho kila saa, yote hayo yanawezekana usiku huu katika hospitali ya wilaya, wakati gari la rufaa likisubiriwa.