Steringi Hafi, Wanakufa Wengine

Leo nachokoza nyuki, mniwie radhi mapema.

Kila baada ya miezi michache inaibuka hoja ile ile miongoni mwa vijana wenzangu wa mjini, wenye digrii na simu nzuri: kwa nini Wabongo hatuna kikosi chetu cha mashujaa wenye nguvu za ajabu? Wamarekani wana Justice League, wana Avengers. Sisi tuna Mkwawa, tuna Kinjekitile, tuna Mirambo, tuna Mangi Meli, na hapa Morogoro tuna Simbamwene. Wavalisheni nguo za kubana, wapeni radi mikononi, waunganisheni dhidi ya Mjerumani, kitabu kitauzwa kama njugu. Hoja inapigiwa makofi, kila mtu anaongeza shujaa wa kwao, tunalala tukiwa na furaha.

Mimi napinga. Katuni nazipenda sana, na ndiyo maana napinga. Naona tunataka kuazima kitu kibovu kuliko vyote vilivyomo kwenye vitabu vile, halafu tukiweke juu ya historia yetu kama kofia ya kuazima.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana wengi wanaosifia hawajakisoma. Justice League ilitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1960, toleo namba 28 la The Brave and the Bold. Mwandishi Gardner Fox, mchoraji Mike Sekowsky. Adui ni Starro, kiti cha pwani kikubwa kutoka anga za mbali, kinachotaka kuitawala dunia na kinachoweza kuziteka akili za watu wa mji mzima. Mashujaa wanakutana, wanagawana kazi, kila mmoja anakwenda kupigana kwa uwezo wake. Na usishangae, Superman na Batman kwenye hadithi ile hawafanyi kitu cha maana, wametingwa na shughuli nyingine.

Sasa kinachomshinda adui ni nini? Chokaa. Ndiyo, chokaa. Mji wa Happy Harbor wote umetekwa akili isipokuwa kijana mmoja anayeitwa Snapper Carr. Mashujaa wanashangaa, wanamchunguza, wanagundua alikuwa akimwaga chokaa kwenye majani ya nyumbani kwao na vumbi limemshika mwilini. Basi wanaitafuta chokaa, wanamfunika nayo Starro, mchezo umekwisha. Kijana anapewa uanachama wa heshima.

Uliza mtu yeyote anayejiita mpenzi wa hadithi hizi, atakutajia rangi za nguo zote. Chokaa haikumbuki. Na kosa si lake. Hadithi za aina hii zimejengwa hivyo: anayejua kitu anapewa kurasa mbili, anayeruka angani anapewa jalada. Watu wengine wa mji wapo ili watekwe na kuokolewa. Kwenye mabanda ya video tulifundishwa sheria moja fupi, kwamba steringi hafi. Hatukufundishwa kuuliza nani anakufa badala yake.

Twende kwa hao mnaotaka kuwaunganisha. Mkwawa alipigana na Mjerumani hadi alipojiua mwaka 1898. Vita vya Majimaji vilianza 1905. Je, Wahehe waliingia kikosini? Hawakuingia, na wapo waliopigana upande wa Mjerumani. Walikuwa na sababu zao: jirani wa jana alikuwa adui wa jana, na kipigo walichokipata wenyewe kilikuwa bado kibichi. Ukitaka kumchora Mkwawa akimshika mkono Kinjekitile, itakubidi ufute yote hayo kwa raba.

Na Simbamwene wetu? Baba yake, Kisabengo, ndiye aliyeujenga mji wenye kuta uliokuja kuwa mwanzo wa Morogoro. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta binti ndiye mtawala, akazistaajabia zile kuta. Lakini yeye na Burton aliyemtangulia wote wawili waliandika kwamba Kisabengo alikuwa mteka watu. Unaweza kusema hao ni Wazungu, tusiwaamini kila neno. Sawa. Lakini wenye kuta na wenye bunduki wa karne ile hawakupata nguvu kwa kuuza mchicha. Ukimvisha joho la shujaa, waliotekwa unawaweka wapi kwenye ukurasa wako?

Halafu Majimaji yenyewe. Hapa palikuwa na kikosi kweli kweli: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine, watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya mama. Na nguvu ya ajabu ilikuwepo, maji yatakayogeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Kinjekitile alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, ambayo leo ipo mkoa huu huu wa Morogoro. Ndani kulikuwa na bunduki mbili za rashasha. Waliovuka uwanja ule waliamini kitabu kile kile mnachotaka kukichora. Hesabu ya Wajerumani wenyewe kwa vita vyote ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria wengine wanafika hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Ninawaheshimu watu wale kuliko ninavyomheshimu Superman. Superman anajua risasi haimwingii. Wao walisonga mbele hata walipoanza kuona zinaingia. Ukichora maji yale yakifanya kazi, umewaibia kitu pekee walichokuwa nacho hakika, yaani ujasiri.

Najua kuna atakayesema hayo ni mambo ya vita, ya zamani, watoto wanataka burudani. Basi njooni mlimani, karibu na sisi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Mwingereza iliamua Uluguru inakufa. Udongo unaporomoka, mito inabeba tope. Na haikuwa imeota ndoto, mmomonyoko ulikuwepo. Ikaja na mpango wa matumizi ya ardhi, na amri yake iliyochukiwa kuliko zote ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wataalamu wenye nia njema kabisa, wenye ramani na elimu, wakaja kuuokoa mlima. Kama kuna kikosi cha mashujaa kilichowahi kuja Morogoro, ni wale.

Mluguru alikuwa na jembe la mkono na shamba lililosimama kama ukuta. Udongo wenye rutuba pale ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi bila uangalifu unaufukia udongo mzuri chini, unaupandisha juu udongo usiozaa. Kwa hiyo mtu alichimba kwa jasho, kwa kulazimishwa, halafu mavuno yakapungua. Walisema. Hawakusikilizwa. Watawala wa jadi waliokuwa kwenye mshahara wa serikali walitakiwa kuusukuma mpango, hivyo hata wenye sifa ya kuita mvua hawakuwa kimbilio.

Julai 1955, kule Matombo, watu waligoma. Umati ulikusanyika, polisi wakatumia risasi, mtu mmoja akauawa. Serikali ikanyoosha kidole kwa wachochezi, maana kwenye vitabu vya katuni lazima adui awe na sura. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, ikawa mshukiwa wa kufaa. Lakini hapakuhitajika mchochezi wa kumwambia mkulima kwamba mahindi yake ni mafupi. Baada ya hapo kulazimisha matuta kukaachwa. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha kitabu kizima kuhusu ardhi na siasa za Waluguru na sakata lile.

Angalieni kikosi kilichoshinda pale. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyevaa joho. Walikuwa watu wa miteremko tofauti, wa koo tofauti, waliojua jambo moja ambalo wenye nguvu hawakulijua: udongo wao. Wale ndio chokaa. Na hatuna ukurasa hata mmoja wa katuni juu yao, maana hatuwaoni kama mashujaa. Tunamtafuta steringi, hayupo, tunafunga kitabu.

Mkidhani nazungumzia historia tu, fungueni magazeti. Naandikia gazeti, najua jinsi habari ya mazingira inavyopikwa. Lazima iwe "vita". Lazima kiwepo "kikosi kazi". Lazima ipatikane "operesheni" na lazima wawepo "waharibifu". Oktoba 2022 kina cha mto Ruvu kilishuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Maji ya Ruvu yanaanzia huku kwetu, kwenye misitu ya Uluguru, kwenye vilele vinavyopita mita 2,600. Mara lawama zikaanza kupanda mto: mfugaji, mkulima, mchoma mkaa. Ukame ule, mji unaoongezeka watu kila siku, mabomba yanayovuja njiani, hivyo vyote havina sura, havichoreki. Mtu mwenye jembe anachoreka vizuri sana.

Hiyo ndiyo hasara ya hadithi hii ninayoilalamikia. Ukimlisha mtu miaka ishirini kwamba dunia huokolewa na kikosi cha wenye nguvu kinachompiga adui, siku akipewa ofisi ataunda kikosi na ataanza kumtafuta adui. Na adui wa karibu kuliko wote ni maskini anayelima pasipotakiwa.

Sasa sikieni kisa kingine cha mlima huo huo, ambacho hakikupata jalada. Miaka ya mwisho ya 2000, huko Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima kwa kutunza vyanzo vya maji, huku wanaotumia maji chini, wakiwemo DAWASCO na Coca-Cola, wakitakiwa kuchangia. Wakulima walikubaliana, wakapanda miti, na wakachimba matuta ya ngazi. Ndiyo, yale yale yaliyotoa roho ya mtu Matombo mwaka 1955! Jembe ni lile lile, mteremko ni ule ule. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye shamba aliulizwa, akaelewana, akalipwa. Mpango ule haukuwa muujiza, ulikuwa mdogo na ulikuwa na mwisho wake kama miradi yote. Lakini ulionyesha kwamba nusu karne nzima tatizo halikuwa ukaidi wa Mluguru.

Utaichora vipi hiyo? Mkutano wa kijiji, watu wamekaa kwenye nyasi, mama mmoja anasimama kuuliza fedha zitafika lini. Hakuna mlipuko. Mchoraji mvivu atapiga miayo. Mchoraji hodari ataona pale pana vita kubwa kuliko ya kiti cha pwani kutoka angani, kwa sababu kila aliyekaa pale ana kitu cha kupoteza.

Tena uwezo huo tunao, msiniambie hatuna. Christian Gregory alitupa Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru. Jarida la Sani lilitulea na kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Pimbi. Nani kati yao alikuwa na nguvu za ajabu? Walikuwa waongo, walafi, wajanja wa mjini, wapenda sifa, yaani sisi. Watu walinunua, walicheka, waligombania nakala moja mtaa mzima. Wachoraji wale walishajua kwamba msomaji wa hapa anataka kujiona. Leo nakala za zamani zinaishia kufungia karanga, na sisi wasomi tunalia eti hatuna utamaduni wa katuni.

Nakubali jambo moja kwa upande wa pili. Black Panther, aliyebuniwa 1966 na kupata sinema yake mwenyewe mwaka 2018, aliwapa watoto weusi duniani kote sura yao mahali ambapo hawakuwahi kujiona. Hilo si dogo. Mtoto wa Kihonda au wa Mwembesongo ana haki ya kuona mtu anayefanana naye akishinda. Lakini hata Wakanda, ukiangalia vizuri, hatima ya nchi nzima inaamuliwa na watu wawili wanaopigana kwenye maporomoko ya maji, wananchi wamesimama pembeni wakishangilia. Tunataka mtoto ajione nani pale? Mfalme ni mmoja tu.

Kwa hiyo ndugu zangu wachoraji na waandishi, mkiamua kukutanisha mashujaa kwenye kitabu kimoja, wakutanisheni, siwazuii. Ila mtueleze Wahehe walikuwa wapi. Mtuonyeshe aliyetekwa na Kisabengo ana jina. Mtupe Mahenge yenye risasi zinazoingia mwilini. Na mkifika Matombo, tafadhali msimshushe mtu yeyote kutoka mawinguni. Chora mteremko, chora jembe, chora udongo uliogeuzwa juu chini, halafu chora sura za watu waliosema hapana huku wakijua kwamba wao, tofauti na steringi, wanakufa.