Kila Mlango na Ufunguo Wake

Hapa kwetu Athi River ukitaja kondoo, watu hufikiria kichinjio cha KMC. Huko Marekani, Wylie Vale na wenzake walichunguza bongo za kondoo wakapata homoni iitwayo CRF, wakaitangaza mwaka wa 1981. Homoni hii ni tarishi wa ubongo. Huuambia mwili, "Hatari imekuja!" Basi moyo hudunda na usingizi hupotea.

Wataalamu wakawaza: tarishi huyu akifungiwa mlango, si unyogovu na uraibu vitapungua? Kwa panya mambo yalikuwa shwari. Panya waliozoeshwa pombe walipunguza kunywa walipopewa dawa ya kuzuia CRF. Kwa binadamu, wapi! Mwaka wa 2008 ilitangazwa kwamba dawa ya Pfizer ya aina hii haikushinda kidonge kisicho na dawa ndani katika kutibu unyogovu. Mwaka wa 2016 yakaja matokeo ya wanawake 39 wenye wasiwasi na uraibu wa pombe. Dawa ilizuia homoni katika kipimo kimojawapo, lakini hamu ya pombe ikabaki vilevile.

Kwa nini? Mimi naona panya wa maabara ana shida moja, tena aliyempa anajulikana. Binadamu ana kodi ya nyumba, kazi ya kibarua na msiba wa zamani. Kuna ambaye homoni hii imemzidi, na kuna ambaye haijamzidi. Ukiwachanganya katika jaribio moja, dawa itaonekana bure hata kama kuna wachache iliowafaa.

Si eti dawa zenyewe ni takataka. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha mojawapo kwa wagonjwa waliozaliwa na kasoro ya tezi zilizo juu ya figo. Kwao, tarishi huyu huchangia kuzichochea tezi hizo kupita kiasi. Kila mlango na ufunguo wake.

Jameni, jambo hili latuhusu. Mtaani kwetu wazazi huuziwa stejini "dawa ya kuacha pombe", chupa baada ya chupa, na kijana hajaulizwa hata siku moja anasumbuliwa na nini. Pesa za karo zaisha hivyo.

Majirani zetu wa Uganda walianza kwa kuuliza. Huko Masaka na Rakai, watu wenye unyogovu walikutana kwa vikundi kila wiki, wiki 16, wakizungumzia matatizo yao. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2003: waliobaki na unyogovu walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7.

Kwa hivyo nasema, utafiti wa dawa uendelee, lakini mgonjwa achunguzwe kwanza. Nasi tusingoje kidonge ndipo tuanze kusikilizana. Wahenga walinena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tumuulize anayekilalia.

Mwanachama, Kidato cha Tatu