Askari Aketi Mkekani na Mwanawe

Askari yeyote aliyepita mafunzoni anajua kwamba mkono hujifunza kabla kinywa hakijaweza kueleza. Kuruta hutajiwa sehemu za bunduki kwa siku moja, lakini huzifahamu baada ya kuzifungua na kuzifunga mara nyingi, hata akaweza kufanya kazi hiyo gizani. Basi ni ajabu kwamba askari huyo huyo, arudipo nyumbani kwa likizo na kumkuta mwanawe wa miaka miwili akikoroga maji na udongo, humkemea kuwa anajichafua na kupoteza wakati. Mtoto yule hapotezi wakati. Naye yuko mafunzoni.

Mtoto mdogo hana kitabu ila milango yake mitano ya fahamu. Kwa kugusa hupambanua kilaini na kikwaruzi, cha moto na cha baridi. Kwa kumimina maji kutoka kikombe hadi kikombe hutambua kingi na kichache, kabla hajajua kuhesabu. Kwa kufinyanga udongo vidole vyake hupata nguvu ile ile itakayoshika kalamu kesho. Anayemnyima mtoto mambo hayo kwa kupenda usafi humnyima darasa lake la kwanza.

Wako wanaodhani kwamba michezo ya namna hii yahitaji vitu vya dukani. Sivyo. Tutazame Ediofe, penye kanisa kuu la Wakatoliki, katika Arua iliyopandishwa kuwa jiji mwaka 2020. Nyumba ya huko haikosi maji katika beseni, udongo uani, majani ya mwembe na ufuta jikoni. Mtoto na afumbe macho, anuse ufuta uliokaangwa, kisha anuse embe bivu, aseme kipi ni kipi. Tia punje za mahindi katika kopo moja na changarawe katika jingine, uyafunge barabara, naye ayatikise na kusikiliza. Ficha kijiko, jiwe na kitambaa ndani ya mfuko, atambue kila kimoja kwa mkono. Na kila kitu kitajwe jina: kwa Kilugbara, au kwa Kikakwa kwa walio Koboko, na kwa Kiswahili ambacho baba hukitumia kambini. Hivyo mtoto hupata kitu na maneno yake kwa pamoja.

Haya si maneno ya kufurahisha mama watoto tu. Katika Jamaica, miaka ya 1986 na 1987, watafiti waliwachagua watoto 129 waliodumaa kwa lishe duni. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila juma kwa miaka miwili, na mama zao wakaonyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza nao kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba watoto wale, walipokuwa watu wazima, walipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakupata michezo hiyo. Hapana shaka faida ya kopo na kijiko ilikuwa imefika mbali.

Nchi yetu nayo imekwisha kulikubali jambo hili. Mwaka 1990 Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinautaja mchezo kuwa haki. Mwaka 2016 ikatolewa sera ya taifa ya malezi ya watoto tangu mimba hadi miaka 8. Lakini sera haiketi mkekani. Anayeketi ni mzazi.

Hapa ndipo askari na polisi wanapohusika kuliko wengine. Tangu mwaka 2007 majeshi yetu yametumikia Somalia, na polisi huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya. Mtoto humwacha baba akiwa wa kubebwa na kumpokea akiwa mwenye kukimbia, naye humkimbia kweli, kwa kuwa haijui sauti wala harufu yake. Mshahara uliotumwa kila mwezi hujaza chungu, na ni wajibu mtukufu. Lakini haumjulishi mtoto baba yake. Robo saa ya kufinyanga udongo pamoja kila jioni ya likizo itafanya ambalo fedha haziwezi.

Yafaa pia tuwe macho. Mtoto asiachwe peke yake na beseni, kwani maji machache humzamisha. Njugu na maharage si vya mtoto aliye chini ya miaka mitatu, maana humkaba koo au kuingia puani. Muhogo mchungu mbichi una sumu. Chupa iliyokuwa na mafuta ya taa au dawa ya mimea haifai kuchezewa hata ikioshwa. Tena askari asilete nyumbani ganda la risasi kuwa kichezeo. Nile Magharibi ni nchi iliyoonja mabomu ya kutegwa ardhini. Mtoto aliyezoea chuma cha vita uani ataokota kingine porini.

Watasema wengine kwamba askari akicheza na mtoto heshima itapungua. La hasha. Mchezo una amri zake: una mwanzo, una mwisho, na vitu hurudishwa mahali pake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndugu askari, likizo ijayo vua buti mlangoni, keti mkekani, umwachie mwanao aongoze.