Udongo wa Turiani Upimwe kwa Hali Yake

Anayeshuka Milima ya Nguru kuelekea Turiani na mashamba ya miwa ya Mtibwa hukanyaga udongo wa namna mbili katika mwendo mfupi. Miteremkoni ni mwekundu, zao la miamba ya kale iliyooza pale pale ilipo kwa joto na mvua. Chini, katika sehemu za uwanda wa Mto Wami, ni mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa; masika hunywa maji, ukafura na kuinua sakafu. Nyumba nyepesi ndizo huumia zaidi, kwa kuwa hazina uzito wa kuukandamiza.

Hoja ya toleo hili ni moja: mchoro wa jengo au barabara utanguliwe na kipimo cha udongo wa mahali penyewe.

Vipimo vingi vya maabara vilizaliwa katika nchi zilizowahi kufunikwa na barafu. Mwaka 1911 Albert Atterberg, mkemia wa Sweden, alieleza jinsi mfinyanzi unavyobadilika kadiri maji yanavyozidi. Hadi leo fundi wa maabara huviringisha udongo juu ya kioo hadi uwe uzi wa milimita 3, akitafuta unyevu ambao uzi huo huanza kukatika. Lakini udongo wa huko una historia yake. Pengine barafu iliushindilia kwa uzito mkubwa na kuuchanganya na mawe. Pengine ni mfinyanzi wa baharini wa enzi ya barafu, ambao ukitikiswa hugeuka uji. Huko Gjerdrum, Norway, mfinyanzi wa aina hiyo uliporomoka tarehe 30 Desemba 2020 na kuua watu 10. Afrika Mashariki, udongo wa barafu uko juu kabisa Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori. Turiani haupo.

Bwawa la Sasumua nchini Kenya, lililojengwa miaka ya 1950 ili kuipatia Nairobi maji, lilionyesha athari ya tofauti hiyo. Kwa vigezo vilivyozoeleka, mfinyanzi wake mwekundu haukufaa: ulishika maji mengi mno, na hata uliposhindiliwa ulibaki mwepesi. Karl Terzaghi, mhandisi wa mekanika ya udongo, aliuchunguza, na mwaka 1958 akachapisha sababu: chembe za madini ya haloisaiti zilikuwa zimeshikamana kuwa vibonge vigumu vyenye vitundu. Udongo ulikuwa imara. Udongo wa aina hiyo ukikaushwa kwa tanuri kabla ya kupimwa, hata majibu hubadilika.

Tanzania ina mwongozo wake wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999, unaopanga udongo wa chini kwa nguvu yake na kuutenga ule unaofura. Barabara kuu hunufaika. Zahanati, darasa na kalavati la kijijini mara nyingi hurithi mchoro uliotumika kwingine. Wanaoandaa zabuni wilayani Mvomero, iliko Turiani, waandike gharama ya mashimo ya kupimia udongo kabla ya gharama ya saruji, na majibu ya maabara yamfikie mhandisi kabla hajachora msingi.