Historia ya sheria isizisahau ndimi za mashahidi

Wanahistoria wa sheria wanapokongamana, aghalabu huzungumzia majaji, mikataba na tarehe. Katika kongamano la fani hiyo nililolihudhuria hivi karibuni, mada zilikuwa nzito na wasomi walizichambua kwa ustadi. Hata hivyo, swali moja halikuulizwa: maneno yaliyomo katika majalada ya kesi yalisemwa na nani, na kwa lugha gani?

Swali hili si la wanaisimu pekee. Enzi ya ukoloni, mashahidi wengi nchini mwetu walisema kwa Kigikuyu, Kijaluo, Kikamba au Kiswahili. Mkalimani akafasiri, na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Msomi wa leo anapolinukuu jalada hilo na kudai kwamba shahidi "alisema" jambo fulani, kwa hakika amemnukuu mkalimani, tena kupitia kalamu ya hakimu.

Tutazame kesi ya Kapenguria, ambapo Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa mwaka 1952. Miongoni mwa wakalimani alikuwamo Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete aliyekimudu Kigikuyu barabara. Umilisi huo haukutosha. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D.N. Pritt, walimlalamikia, naye akajiondoa kabla ya kesi kumalizika. Aprili 8, 1953, Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu.

Katika ushahidi wa kesi hiyo, suala la viapo lilikuwa na uzito mkubwa. Sasa Mgikuyu hunywa kiapo. Mswahili hula kiapo. Mwingereza hukichukua tu. Je, anywaye na achukuaye wamefungwa kwa fundo moja? Mkalimani hulazimika kuchagua neno, na uchaguzi wake ukishaandikwa hugeuka ushahidi.

Yamkini wapo watakaosema hayo yamepita. Ni kweli kwamba Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na Kifungu cha 50 humpa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Lakini kumpa mtu mkalimani si sawa na kuyahifadhi maneno yake. Ushahidi unaotolewa kwa Kiswahili ungali huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza. Mrufani anapofika mbele ya majaji, kinachosomwa ni tafsiri, na uhuru wake huenda ukategemea kitenzi kimoja. Jirani zetu wa Tanzania waliibadili sheria yao mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Tufanyeje basi? Mosi, mahakama zihifadhi ushahidi katika lugha uliyotolewa, hata kwa kunasa sauti, pamoja na tafsiri yake. Pili, idara za sheria, historia na isimu katika vyuo vikuu ziwatume wanafunzi wao pamoja kuyasoma majalada ya kale. Tatu, kila mtafiti anayenukuu ushahidi uliofasiriwa aeleze aliyeufasiri, iwapo anajulikana.

Walimu nao wana sehemu yao. Wanapofundisha habari za Kapenguria, wawaulize wanafunzi ni nani aliyesimama kati ya shahidi na hakimu. Historia inayomsahau mkalimani humhukumu shahidi kwa maneno ambayo huenda hakuyatamka.