Ada ya wakili na bei ya bima

Waajiri wengi hudhani kuwa kubana ada za mawakili katika kesi za fidia ya wafanyakazi ni njia rahisi ya kushusha gharama za bima. Jimbo la Florida, Marekani, lilijaribu. Sheria yake ilifunga ada kwenye fidia: asilimia 20 ya dola 5,000 za kwanza, 15 ya 5,000 zinazofuata, kisha 10.

Katika kesi ya Castellanos, mfanyakazi alishinda dola 822.70. Wakili wake, kwa kazi ya saa 107.2, aliambulia dola 164.54, yaani dola 1.53 kwa saa. Nani atapokea kesi kama hiyo? Mahakama ya Juu ya jimbo ilibatilisha kanuni hiyo Aprili 2016.

Desemba 2016 viwango vya bima vilipanda asilimia 14.5, sehemu kubwa kwa sababu ya hukumu hiyo, na waajiri wakalalamika. Lakini Januari 2018 vilishuka asilimia 9.5.

Kwa maoni yetu, anayekatalia deni dogo bila sababu ndiye abebe gharama za kulidai. Akilipa mapema, wakili hana kazi.